Nyumba Tuliyoipaka Kijani

Gari la Baridi lilifika mwisho wa mtaa tukiwa tunarekodi, na aliyeshika kamba nilikuwa mimi.

Niliinua mkono kulizuia kabla sijaona ni la nani. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni mratibu wa maeneo kwenye tamthilia za televisheni: mwongozaji akitaka nyumba, natafuta nyumba, akitaka mtaa unyamaze, nauziba kwa kamba na kusimama kama nguzo mpaka aseme "Kata!" Wenzangu wananiita Mama Kamba. Sijawahi kulikataa jina hilo. Wenye nyumba wameshaniita mabaya zaidi.

Halafu nikamwona nyuma ya kioo.

Baridi si jina alilozaliwa nalo. Anatengeneza mafriji na viyoyozi, na hata umpigie kelele namna gani hapandishi sauti, basi jina likamkaa. Ana macho ya mtu anayesikiliza. Ukimwita akiwa amelala chali chini ya mtambo wa mtu, anakutazama kwanza, ndipo anakujibu. Mwaka mzima wa mapenzi yetu, kila nilipokutana na macho yale, mabega yangu yalishuka yenyewe, hata siku ambayo mvua imetuharibia kazi na binti yangu ana homa nyumbani. Siku ile hayakushuka. Alinitazama kama mtu anayesoma bango la barabarani.

Kwenye kiti cha nyuma walikaa mama yake na baba yake. Katikati yao palikuwa na sanduku, na juu ya sanduku mito miwili ya kulalia.

Mtu habebi mto wake kwenda kutembea.

"Kata!" redio ya mkononi ikalia kiunoni mwangu. Nikaiinua kamba, gari likapita taratibu, nami nikalifuata kwa miguu mpaka mbele ya lango.

"Nilikupigia," Baridi alisema akishuka.

"Simu zetu zote ziko kwenye kikapu. Tunarekodi."

"Nimepiga tangu asubuhi."

"Kikapu anacho mtu wa sauti. Hata ningefiwa nisingejua. Kuna nini?"

Alijibu mama yake, kupitia dirishani.

"Kuna kwamba tumerudi kwetu. Fungua lango."

Lango lilikuwa lao kweli, na nyumba ilikuwa yao. Ndiyo iliyokuwa shida yenyewe.

Mama huyu alikuwa na maneno mawili juu yangu: kwamba nina mtoto ambaye baba yake yu hai, na kwamba nimemzidi mwanawe umri. Hakuyasema pembeni. Aliyasema mbele yangu, akinimiminia chai. "Mwanangu hajakosa wa rika lake," alisema, halafu akaniuliza naweka sukari vijiko vingapi. Baridi alijaribu kumlainisha, mimi nikajaribu, kikombe kikawa ni kilekile, na maneno ni yaleyale.

Ndipo ikaja tamthilia hii. Ilitakiwa nyumba ya zamani yenye baraza pana, korido ndefu na vyumba vya upande mmoja. Niliuzunguka mji mpaka soli zikalika. Kila nyumba ya zamani niliyoikuta ilikuwa imeshawekwa vigae vya kung'aa na madirisha ya alumini. Siku moja nikamlalamikia Baridi. Akanitazama, halafu akajibu:

"Kwetu je?"

Nilijua anachofanya. Alitaka mama yake anione nikiwa kazini, aone kwamba mwanamke anayemkataa anaweza kusimamisha mtaa mzima kwa kidole. Tena kampuni ingewabadilishia paa lililokuwa linavuja. Mama akatia sahihi. Siku ya kunikabidhi funguo, alizishika kidogo mkononi kabla ya kuziachia.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi," alisema, "waje watu wako. Tuwaone kabla hatujaja kuposa."

Nilikimbia nyumbani kama msichana. Kaka yangu alinunua viatu. Shangazi yangu akaanza kufanyia mazoezi maneno yake mbele ya kioo, na kila akiyarudia yanazidi kuwa marefu. Jumapili hiyo ilikuwa keshokutwa.

Ambacho sikukipima ni Mzee, baba yake Baridi. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, mtu wa adabu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, hilo nililijua. Lakini pale nyumbani hukuliona sana. Aliinuka kwenye kiti chake, akaweka kiganja cha kushoto kwenye ukuta wa korido, akatembea nao: mpaka chooni, mpaka kitandani, mpaka barazani. Niliona mzee anayetembea taratibu. Sikuona kwamba ukuta ndio uliokuwa unampeleka.

"Kule kwa dada amekataa kula," Baridi alisema sasa, kwa sauti ya chini ili wazee wasisikie. Dada yake anakaa ghorofa ya tatu, ndiko tulikowahamishia. "Kila jioni anavaa viatu, anasema anakwenda kwake. Jana akatoka bila mtu kumwona, akaanguka kwenye ngazi. Daktari amesema hakuna dawa ya hilo. Amesema arudishwe mahali anapopajua."

Nikamwangalia Mzee. Alikuwa na plasta kwenye paji la uso, na alikuwa anaukagua mtaa kwa heshima, kama abiria aliyepewa lifti.

"Mama," nikasema nikiinama dirishani, "shikamoo. Nyumba haiko kama mlivyoiacha."

"Marahaba. Rangi najua. Ulisema mtapaka rangi."

"Si rangi tu, mama."

"Basi mtapaka tena. Fungua lango."

"Siwezi kuwaingiza mkalala. Mkataba unasema mpaka mwisho wa kurekodi nyumba iko mikononi mwetu."

"Mwetu nani?" Aliniuliza akinikazia macho. "Wewe na nani?"

Nikaenda kumtafuta mwongozaji.

Alikuwa sebuleni anakula karanga, kofia imegeuzwa nyuma. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya, ningejua pa kuelekezea hasira.

"Chumba kimoja tu," nikamwambia. "Cha kulala. Niwarudishie kitanda chao, mapazia yao, rangi yao."

"Ndicho chumba cha bibi harusi. Nusu yake tumesharekodi."

"Basi ukuta wa korido. Tuutoe."

Tuliikata korido ile katikati kwa ukuta wa mbao, ili kamera ikae nyuma yake na kuchungulia kwenye tundu. Tukaupaka kijani kibichi kama kuta nyingine zote. Ukisimama mbele yake huwezi kujua kwamba nyuma yake kuna nyumba nyingine nzima.

"Mama Kamba," alisema akikung'uta maganda pembeni, "ukuta ule umeonekana kwenye kila tukio la ndani. Nikiutoa leo, mtu ataingia kwenye korido fupi atokee kwenye korido ndefu. Nipe njia. Kama unayo, Mungu shahidi, naichukua."

Sikuwa nayo. Mimi ndiye ninayewafundisha wageni wa kazi hii sheria yenyewe: nyumba ikishaanza kuonekana kwenye picha, hakiguswi kitu mpaka tukio la mwisho limalizike. Hata kijiko. Ukikuta kikombe kimeelekea dirishani, kiache kielekee dirishani.

"Bado wiki tatu," nikasema, si kwake hasa.

"Wiki tatu. Waingize wapumue kidogo wakati tunabadilisha taa. Zaidi ya hapo sina."

Baridi alimshika baba yake mkono mmoja, mimi nikamshika mwingine. Mama alitangulia, mkoba kwapani, mwendo wa mwenye mali. Kwenye baraza Mzee akasimama mbele ya mlango. Ulikuwa mweupe, sasa ni mwekundu.

"Tubishe hodi kwanza," alisema.

"Ingia tu, baba," Baridi alisema.

"Haifai. Hodi!"

Dada Vikombe, yule anayetunza vyombo na vitu vyote vya kuigizia, akaitikia kutoka ndani kwa adabu tu, bila kujua anachokifanya.

"Karibuni!"

Mzee akafuta viatu kwenye zulia, kimoja kimoja, akaingia kwake kama mgeni.

Ndani mafundi wa taa waliacha ngazi zao. Mama alizunguka mara moja katikati ya sebule, mdomo wazi. Sikuweza kumtazama. Nilimtazama Mzee, na nilichokiona kikanipa moyo: aliuachia mkono wangu, akanyoosha kiganja cha kushoto, akakiweka ukutani. Chini ya rangi yetu ukuta ulikuwa uleule. Akaanza kutembea.

"Mwone," mama yake Baridi akanong'ona. "Mwoneni. Anajua."

Baridi akanitazama. Mara ile moja tu, siku ile, alinitazama kama zamani. Nilihisi kila kitu kinarudi mahali pake, Jumapili, viatu vya kaka yangu, maneno marefu ya shangazi.

Kiganja kikafika kwenye mbao.

Mzee akasimama. Akapapasa juu, akapapasa pembeni. Akagonga kwa kidole, mbao zikalia utupu. Akaondoa mkono, akautia mfukoni, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika kitu cha wenyewe. Kisha akanigeukia mimi.

"Samahani, mama. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

Aliitazama rangi yetu kuanzia juu mpaka chini.

"Una nyumba nzuri. Rangi yake imetulia. Choo kiko upande gani, kama si usumbufu?"

"Mzee wangu," mkewe alimwendea akamshika shati kifuani, "hapa ni kwetu. Wewe ndiye uliyejenga. Ukuta huu ulikuwa unautia maji mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha kumstahi mtu.

"Mimi? Hapana. Kwangu kweupe."

Mama alikitafuta kiti kwa mkono bila kutazama, akakaa. Kilikuwa kiti cha tamthilia, miguu yake imezungushiwa alama za utepe sakafuni ili kisihame.

"Mama, samahani," Dada Vikombe alisema, na sauti ikamfia njiani. "Hicho kiti…"

Mama akainuka. "Hata kukaa?"

"Kaa, mama," nikasema. "Kaa. Mimi ndiye nitakayejibu."

"Sikai." Alikipangusa kile kiti kwa kiganja, mahali alipokuwa amekaa, kama anafuta doa. "Nisije nikawaharibia."

Sikujua nifanye nini, na mtu asiyejua la kufanya hufanya analolijua. Kabla hatujahamisha kitu kwenye nyumba ya mtu, mimi hupiga picha kila kona, ili tukimaliza turudishe kila kitu kilivyokuwa. Nikatoa kishikwambi changu kwenye mkoba, nikatafuta picha za korido ile, nikampa Mzee.

Alikipokea kwa mikono miwili. Uso wake ukafunguka.

"Ndiyo," alisema. "Hapo. Hapo ndipo. Hiyo saa yangu. Na hicho kiti mguu mmoja niliubadilisha, fundi alinifanyia kazi mbaya sana." Akainua macho. "Kumbe mnapajua!"

"Tunapajua, baba."

"Ni mbali kutoka hapa?"

Fundi mmoja wa taa akageukia dirishani. Mzee alikuwa amesimama palepale picha ilipopigwa. Nyayo zake zilikuwa palepale.

"Basi nipelekeni," Mzee alisema kwa upole, akinirudishia. "Nimechoka kidogo."

"Taa tayari!" sauti ikaita kutoka chumbani. "Tunajipanga!"

Tukawatoa nje. Mama na Mzee wakaingia kwenye gari. Baridi alikuwa ameshika ufunguo redio iliposema kimya, na nikalazimika kumwekea mkono begani.

"Usiwashe," nikamwambia. "Wanaanza."

"Kimya! Tunarekodi!"

Tukasimama mbele ya gari, mimi na yeye, hatua moja kati yetu. Ndani ya nyumba waigizaji walikuwa wanagombana, mume na mke, sauti zao zinatufikia nusunusu. Nilimtazama. Alikuwa na grisi kwenye kucha, na nyuzi za mto wa baba yake kwenye mkono wa shati. Nilitaka kuzitoa. Nikaogopa kwamba akisogea mbali, nitajua kwamba ananiacha.

"Kata! Turudie."

"Sikulaumu," alisema papo hapo, kama aliyekuwa ameyashika maneno mdomoni.

"Nilaumu basi. Ukinilaumu nitakuwa na la kusema."

"Wazo lilikuwa langu. Nilimtoa baba yangu nyumbani kwake ili mama akupende."

"Usiliseme hivyo."

"Nilisemeje? Lina namna nyingine?"

"Njooni kwangu. Mzee alale chumba cha binti yangu, mimi nitalala naye sebuleni."

"Kwako ni mahali pengine asipopajua."

"Basi naacha kazi. Sasa hivi, naingia ndani nawaambia."

"Ukiacha, ukuta utaondoka?"

"Kimya! Tunarekodi!"

Aliuliza swali akanyamazishwa, na mimi nikanyamazishwa pamoja na jibu langu. Hata hivyo alilijua. Wangemleta mratibu mwingine kabla ya chakula cha mchana, na ukuta ungebaki palepale, kijani. Wala hakuna aliyekosea mle ndani. Mkataba ulikuwa halali, daktari alikuwa sahihi, mwongozaji alikuwa mstaarabu. Nimewahi kugombana na walinzi, na madiwani, na mwanamke mmoja aliyewafungulia mbwa watu wangu wa kamera. Siku ile hapakuwa na wa kugombana naye. Nilisimama na mikono yangu miwili mitupu.

Mle ndani mke wa kwenye tamthilia akapiga kelele kwamba anaondoka. Baridi aliinamisha kichwa. Nikaona shingo yake, pale nyuma, nywele zilipokatwa vibaya. Nilizikata mimi, wiki ile, jikoni kwangu, akiwa amekaa kwenye kigoda na binti yangu anamcheka.

"Kata! Sauti imeingia ya pikipiki. Turudie."

"Wewe," mama yake akaita kutoka dirishani.

Tuligeuka wote wawili. Alikuwa ananitazama mimi.

"Njoo hapa, mwanangu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Alikuwa ananiita "wewe", au "huyu mwenzetu wa kamba". Nikasogea mpaka dirishani, na akanishika kifundo cha mkono, akakibana.

"Mimi nilikuwa na maneno yangu juu yako," alisema, "na ulinisikia nikiyasema, sikukuficha. Leo nimekuona ukimshika mume wangu. Umemshika kama baba yako. Na hiyo karatasi niliisaini mimi, nikiwa na macho yangu mawili, kwa tamaa ya paa. Hukunilazimisha. Sina neno tena. Jumapili walete watu wako, tutawapokea hukohuko ghorofani, wakae hata chini." Akanyoosha shingo. "Na wewe, umesikia?"

"Nimesikia, mama," Baridi alisema.

Hakunigeukia. Alikuwa anatazama mwisho wa mtaa, kwenye kamba yangu.

Nilimrudia. Nilikuwa nimebeba kitu ambacho kilikuwa furaha kwa sehemu fulani, Mungu anisamehe.

"Umemsikia mama?"

"Jumapili wasije," alisema.

"Tuahirishe? Sawa. Tuahirishe mpaka Mzee atulie…"

"Sijasema tuahirishe."

"Kimya! Tunarekodi!"

Sijui ilikuwa ndefu kiasi gani hiyo iliyorudiwa. Nilimsogelea mpaka pumzi yake ikanifikia. Nilimwambia kwa macho yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia mama yako amekubali, mama yako, ule mlima wetu, umeondoka njiani na sisi ndio tunasimama? Nilimwambia nani atanikosoa kwa upole kama wewe, nani atampigia binti yangu mluzi akirudi shule. Na yeye alinitazama. Sitasema hakunitazama. Macho yake yalijaa, na yalikuwa yananisikiliza kama siku zote, mpaka mwisho, bila kunikatiza. Lakini mara hii alikuwa ananisikiliza kama mtu aliyeshaamua, anayekuachia umalize tu.

"Kata!"

"Kwa nini?" nikauliza. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Umeona alivyoutoa mkono ukutani? Alivyoutia mfukoni?"

"Nimeona."

"Kila nikifungua mlango nikukute, nitaona hilo. Si kosa lako. Ingekuwa kosa lako ningekusamehe, na mambo yangeisha." Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, grisi ikamwachia mstari shavuni. "Mimi nilikuwa na furaha, unaelewa? Wakati yeye anavaa viatu kila jioni anataka kwenda kwake, mimi nilikuwa nahesabu Jumapili. Siwezi kuichukua furaha ile tena nikaivaa."

"Utaweza. Acha mwezi upite."

"Labda," alisema. Alilisema kwa wema, na ndipo nilipojua kwamba ni hapana.

Mama yake nilikuwa nimejiandaa naye mwaka mzima. Nilikuwa na jibu la umri, na jibu la mtoto, na jibu la kila kikombe cha chai. Baridi sikujiandaa naye kabisa.

Nikanyoosha mkono nikazitoa zile nyuzi kwenye shati lake. Alisimama akaniachia nizitoe. Kisha akaingia kwenye gari.

"Mratibu," redio ikasema kiunoni mwangu, ni sauti ya msaidizi wa mwongozaji, imechangamka, "hiyo imekubali! Tunahamia barazani. Kama kuna gari la kutoka, litoke sasa, baada ya hapo sifungui tena."

"Lipo moja," nikasema.

Nilitembea mbele ya gari mpaka mwisho wa mtaa. Hakuna mwingine wa kuifungua kamba ile; nimewazoesha watu wangu kwamba kamba haishikwi na mtu isipokuwa mimi. Nikaiinua juu kwa mikono miwili, juu kabisa, isikwaruze paa la gari. Baridi alipita, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama alikuwa amefunika uso kwa ncha ya kitambaa chake.

Mzee ndiye aliyeteremsha kioo.

"Simama kidogo, kijana," alimwambia mwanawe, na gari likasimama chini ya kamba yangu. Alitoa mkono nje akanishika vidole. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mkavu. "Asante, mama, kwa kutukaribisha. Tumekukatiza kazi zako. Na wewe siku moja uje kwetu. Usione haya, uje na watoto. Kuna kivuli kizuri barazani."

"Nitakuja, baba," nikasema.

"Uje kweli."

"Nitakuja."

Gari likaondoka. Nilibaki nimeinua kamba mpaka lilipokata kona, mikono ikiniuma, na redio inaniuliza kama mtaa umeshafungwa.